Mnachokipunguza barabarani tunakikuta wodini: barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara, mipango ya mji na afya, Kisumu

Kwa Waheshimiwa, Mabibi na Mabwana mnaosimamia barabara, mipango ya mji na afya ya umma katika jiji na kaunti ya Kisumu,

KUH: VIVUKO, NJIA ZA MIGUU, MITARO NA AFYA YA WAKAZI

Tunawasalimu kwa heshima.

Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa shule za msingi, mafundi wa ujenzi na waendeshaji wa bodaboda na tuktuk kutoka Nyalenda, Manyatta, Obunga na Mamboleo. Haya tunayoandika leo hadharani tulikwisha kuyaleta kwenu kwa barua tatu zilizopigwa muhuri wa kupokewa, na tukayarudia katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ya pili, ya pili ikatutuma kwa ya tatu, na ya tatu ikaturudisha tulikoanzia. Hatutataja ofisi wala mtu kwa jina, kwa kuwa hatukuja kuaibisha yeyote. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na tunaitumia haki hiyo.

Jambo letu ni moja. Mchoro wa barabara hapa kwetu hupita kwa mhandisi, kwa mpima ardhi, kwa mhasibu na kwa wakili. Kwa mtu wa afya haupiti. Kifuniko cha mtaro kikiondolewa kwenye orodha ya kazi ili bei ya kandarasi ishuke, hakuna anayeuliza mguu utakaovunjika humo utalipiwa kutoka fungu gani. Bei hiyo huwa haijashuka. Imehama kutoka daftari la barabara kwenda daftari la hospitali, na mara nyingi zaidi kwenda mfukoni mwa mama anayeuza omena.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mwendo wa magari penye watu, na vivuko ambavyo ni rangi tu

Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Lakini dereva hufuata barabara kuliko anavyofuata kibao. Mpe lami mpya, pana na iliyonyooka, njia mbili kila upande na hakuna cha kumzuia, naye atakwenda 80 bila hata kujiona anakimbia.

Hesabu ya breki iko hivi. Dereva aliye makini huchukua kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Akiwa na kilomita 30 kwa saa, gari litakuwa limekwenda mita 8, na kwenye lami kavu, kwa tairi nzuri, litasimama baada ya mita 5 nyingine. Jumla ni mita 13. Kwa kilomita 50 jumla hufika mita 28. Kwa 80 hupita mita 55. Sasa mweke mtoto anayechomoza nyuma ya matatu iliyosimama, mita 20 mbele ya gari. Kwa mwendo wa 30 gari litasimama kabla ya kumfikia. Kwa 50 litamgonga. Kwa 80 litamgonga kabla breki haijaanza kushika.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mwenda kwa miguu kufa akigongwa na uso wa gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Ripoti yake ya 2023 ilihesabu watu milioni 1.19 waliofia barabarani duniani mwaka 2021, na ikaonyesha kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Hapa Kenya tunazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waliokuwa wanatembea kwa miguu.

Kivuko cha milia kwenye barabara ya njia nne, bila tuta na bila kisiwa cha katikati, humpa mwenda kwa miguu ahadi ambayo dereva hajui kwamba ameitoa. Njia nne za mita 3.5 ni mita 14. Kijana huzivuka kwa sekunde 12. Bibi mwenye goti bovu, au mama mjamzito aliyebeba ndoo, anahitaji sekunde 17 au 18. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 300 katika muda huo. Kwa hiyo mnamtaka bibi huyo asubiri hadi barabara iwe tupu mita 300 kushoto na mita 300 kulia kwa wakati mmoja. Saa ya watu kwenda kazini nafasi hiyo haipatikani, naye huamua kubahatisha.

Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, iko upande mmoja wa barabara ya Kakamega. Maana yake ni kwamba kila anayekwenda na kurudi kwa matatu ni lazima avuke barabara hiyo mara moja, ama akifika ama akiondoka. Anaweza kuwa na mguu wenye plasta, mtoto mwenye homa mgongoni, au macho yaliyotoka kuwekwa dawa. Kama kuna mahali Kisumu nzima ambapo kivuko kinastahili kuchorwa kabla ya lami, ni mbele ya hospitali.

Na msitupe daraja la juu la waenda kwa miguu kama jibu la kila mahali. Lori linahitaji kama mita 5.5 za kupita chini yake. Ukiongeza unene wa daraja unapanda mita 6.5, ambazo ni ngazi 38 za sentimita 17. Ukitaka mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12, unapata mita 78 za kupanda na 78 za kushuka, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia. Mtu anazungushwa mita 156 ili avuke mita 14. Watu wakikatiza chini ya daraja huwa wamepiga hesabu hiyo kwa miguu yao. Daraja linafaa kwenye barabara kuu ambayo magari hayawezi kupunguzwa mwendo. Ndani ya mji magari yanaweza kupunguzwa, na njia yake inajulikana: kivuko kilichoinuliwa sentimita 10, chenye uso bapa wa angalau mita 3, pamoja na kisiwa cha katikati cha upana wa mita 2 ili baiskeli, au kiti cha magurudumu na anayekisukuma, vitoshee humo bila kuchomoza. Bibi atavuka mita 7, atasimama, ataangalia upande mmoja tu, kisha atavuka 7 nyingine.

2. Njia ya miguu inayokatika, na mtaro unaosubiri mtu

Njia ya miguu hupimwa kwa nafasi iliyo wazi. Ukijenga njia ya mita 1.5 kisha ukasimamisha nguzo ya umeme katikati, kila upande unabaki na chini ya sentimita 70. Kiti cha magurudumu kinahitaji karibu 90. Kwenye mchoro njia hiyo ipo, na kwenye malipo ipo. Kwa mwenye kiti cha magurudumu haipo, ingawa Kifungu cha 54 cha Katiba kimempa haki ya kufika kila mahali. Tunaomba mita 1.8 zilizo wazi, na nguzo, vibao na miti vipangwe kwenye mstari wake pembeni.

Ugonjwa mkubwa zaidi uko kwenye vifuniko vya mitaro. Tunaueleza kwa kirefu kwa sababu marekebisho yake ni rahisi mno kuyakosa.

Mtaro wa upana wa sentimita 50 hufunikwa kwa slebu, yaani bamba la zege, ya sentimita 60. Kwenye karatasi slebu inakalia sentimita 5 kila upande. Lakini kuta za mtaro hazijengwi zikanyooka kama rula. Pana hapa sentimita 3 zaidi, pale 4. Slebu inabaki imeshikwa na ncha. Kisha duka linafunguliwa, gari la kuleta soda linapanda juu, slebu inapasuka katikati, na kama nondo zilikuwa nyembamba au ziliwekwa juu badala ya chini inapovutika zege, kipande kinaanguka ndani. Kinachobaki ni shimo la nusu mita lenye nondo zilizochomoza, kwenye njia ambayo watoto hupita kabla jua halijachomoza. Vifuniko vya chuma havidumu, vinang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, kwa hiyo hatuvidai.

Slebu inayodumu ina urefu wa sentimita 70 kukatiza mtaro huo wa 50, ili ikalie 10 kila upande. Upana wa 30. Unene wa 10. Nondo upande wa chini. Na matundu mawili ya kuinulia ambayo pia huingiza maji ya mvua. Uzito wake ni kama kilo 50, kwa hiyo watu wawili huiinua mtaro unapozolewa taka. Hili la uzito si dogo. Slebu za mita moja hufika kilo 140, wasafishaji hushindwa kuziinua, huzivunja kwa nyundo, na hazirudishwi tena. Penye lango la duka au la gari, unene uwe 15. Kazi hii yote inafanywa na fundi wa kawaida wa Nyalenda kwa fremu ya mbao.

Njia mbovu ya miguu huharibu zaidi ya mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Hizo ni dakika 22 kwa siku. Mkazi wa Nyalenda anayekwenda mjini na kurudi kwa miguu ameshazipata na kuzipita, bila gharama ya serikali. Tunahangaika na shinikizo la damu na kisukari katika kila zahanati, huku tukiwa na mji ambao watu wake wengi tayari wanatembea. Hiyo ni hazina ya afya. Tunaipoteza pale mwenye miaka 60 anapoanza kuogopa mtaro na kuchukua boda kwenda mita 800, au anapoacha kabisa kutoka nyumbani.

Kuhusu taa, neno moja. Tuko karibu na ikweta. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Kila anayefunga kibanda saa moja hurudi nyumbani gizani, Januari hadi Desemba. Taa ya barabarani iliyoelekezwa katikati ya lami, na kuacha njia ya miguu kwenye kivuli cha mwembe, imewashwa kwa ajili ya gari ambalo tayari lina taa zake.

3. Maji yanayotuama kwa sababu ya ujenzi

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa kuwa tunaishi katika ukanda wa ziwa ambako malaria haikauki.

Mbu anayeeneza malaria kwetu, hasa Anofelesi gambie, hapendi maji machafu ya mtaro wa soko kama wengi wanavyodhani. Hutaga kwenye vidimbwi vidogo vya maji safi vinavyopigwa na jua: alama ya tairi la tingatinga, kwato za ng'ombe, shimo la maramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara, lililoachwa wazi. Inama uangalie. Kiluwiluwi anayening'inia kichwa chini, mkia wa kupumulia ukiwa juu, ni wa Kuleksi, mbu asiyeeneza malaria. Kiluwiluwi aliyelala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, ni wa Anofelesi. Kwa joto la Kisumu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 14. Kidimbwi kinachodumu wiki mbili baada ya mvua, wakati wa masika ambapo kinajazwa tena kila siku ya tatu, kinatosha kulisha mtaa mzima.

Sasa angalieni ujenzi unavyofanywa. Mkandarasi anachimba maramu kando ya mji, anaondoka, shimo linabaki na maji. Anajenga mtaro, lakini hakupima mteremko. Maji yanasimama katikati kwa sababu mwisho wa mtaro uko juu kuliko mwanzo wake. Au mtaro unaishia ghafla mpakani mwa kandarasi yake, maji yanamwagwa kwenye ua wa mtu. Anaweka kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, juu ya kiwango cha mkondo wa zamani, na upande wa juu linakuwa bwawa. Kwenye udongo wetu mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kuta za mtaro zisizo na msingi husukumwa ndani mwaka wa kwanza tu, na kila palipobonyea panashika maji.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria Septemba 2019, na uzinduzi ulifanyika hapa jirani, Homa Bay. Vyandarua vinagawiwa. Wahudumu wa jamii wanapita nyumba kwa nyumba na vipimo. Haifai jitihada zote hizo zikutane na vidimbwi vilivyochimbwa kwa mashine iliyolipwa na umma.

Kipimo chenyewe si kigumu. Uso wa barabara uteremke sentimita 2.5 kwa kila mita kutoka katikati kwenda pembeni. Sakafu ya mtaro ishuke angalau sentimita 5 kwa kila mita 10, na mtaro uishie mahali maji yanapokubaliwa: mtoni au kwenye mkondo uliopimwa. Tunajua maeneo ya chini ya Nyalenda yako karibu usawa na ziwa, na sentimita 5 hizo ni ngumu kupatikana kule. Ndiyo sababu mtaro wa huko upimwe kuanzia mwisho wake kurudi nyuma, kabla ya kuchimbwa popote. Shimo la maramu lifukiwe, au literemshwe lisishike maji, kabla ya malipo ya mwisho. Sharti la kurejesha ardhi huwamo katika leseni za mazingira. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuangalia.

4. Matuta ya kujitengenezea

Watu wakigongwa na kilio kikakosa majibu, vijana hujenga tuta lao usiku kwa udongo na mawe. Tunawaelewa. Lakini tuta fupi na kali, lisilo na rangi, humrusha abiria wa boda, na mgonjwa aliye kwenye ambulensi hulipata kwenye kidonda. Tuta sahihi la kupunguza mwendo hadi 30 lina urefu wa mita 3.7 kufuata barabara na kimo cha sentimita 10, limepinda taratibu kama mgongo wa samaki. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa vumbi huifuta. Pawe na kibao na taa. Mkijenga haya kwa wakati, yale ya usiku hayatajengwa.

5. Vumbi na moshi sokoni

Wanaouza kando ya barabara wanakaa hapo kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku, pua zao zikiwa sawa na bomba la moshi la matatu. Chembe nzito za vumbi huwasha macho na koo. Zile ndogo kuliko mikroni 2.5, zitokanazo hasa na moshi wa dizeli na kuni, hufika ndani ya mapafu na kuingia kwenye damu, na huchangia magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe hizo kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo ya hewa.

Sehemu ya dawa iko katika mpangilio. Steji ya matatu isikae ubavuni mwa meza za mboga, na injini zizimwe gari linapongoja abiria. Ukingo wa lami ulioachwa udongo mtupu huwa vumbi kiangazi na tope masika. Uwekwe kabro, yaani matofali ya zege, au maramu iliyoshindiliwa, na mstari wa miti upandwe kati ya magari na wauzaji. Soko la Kibuye, penye wauzaji na wanunuzi wengi kiasi kile, pangekuwa pa kuanzia.

6. Viwanja vinavyomezwa

Mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga ilikua nje ya mpaka wa mji wa kikoloni na baadaye ikaingizwa jijini bila njia zilizotengwa. Ndiyo maana barabara nyingi kule zina upana wa mkokoteni. Hatuombi nyumba za watu zibomolewe. Tunaomba vile viwanja vichache vilivyobaki, na akiba za barabara ambazo bado ziko wazi, zipimwe, ziwekewe mawe ya mpaka na zichapishwe kwenye ramani ambayo mwananchi anaweza kuiona. Watoto wanahitaji dakika 60 za kucheza kwa siku. Mtoto asiye na uwanja huchezea barabarani, na hapo tunarudi kwenye lalamiko la kwanza.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa kuwa tulishayapata.

Mtasema barabara ile si yenu. Ni kweli kwamba barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, na Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani na usimamizi wa magari na maegesho. Lakini mwanafunzi anayetoka Manyatta kwenda shuleni hupita chini ya mamlaka mbili au tatu katika mita 200, na mguu wake haujui mpaka uko wapi. Tunaomba mketi pamoja mara moja, mgawane vivuko kwa orodha, na orodha hiyo ibandikwe.

Mtasema hakuna fedha. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18, na mwenye boda na mwenye tuktuk wanazilipa kila asubuhi. Tunaujua mvutano kati ya kaunti na Bunge kuhusu nani azitumie. Mvutano huo usiwe sababu ya kuacha kufunika mtaro. Mwaka 2015 Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Ahadi peke yake haijengi njia, hilo nalo tumeliona, lakini kiwango kilichoandikwa humpa mwananchi kitu cha kudai.

Mtasema wachuuzi huziba njia. Baadhi huziba. Wanakaa pale kwa sababu ndipo wateja wanapopita, na mkiwafukuza asubuhi watarudi jioni. Njia ya mita 3 yenye mstari uliochorwa, mita 1.8 za kupita na iliyobaki ya meza, inawezekana. Mlionyesha wenyewe kwamba jambo likitakiwa linafanyika: kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, barabara za katikati ya jiji ziliwekewa njia pana za miguu, na watu wanazitumia. Wageni walikaa siku tano. Sisi tunaishi hapa.

Na mtasema bodaboda ndio wanaosababisha ajali. Wapo wanaokwenda kinyume, wanaobeba watatu, wasio na kofia ngumu. Waendeshaji walio kati yetu wanakubali hilo na wanataka mafunzo na sheria ifuatwe. Lakini boda hupanda njia ya miguu pale barabara inaposongamana na hakuna ukingo wa kumzuia. Ukingo wa sentimita 15 na vigingi vya zege katika kila mwingilio, vikiachana mita 1 ili kiti cha magurudumu kipite, hufanya kazi usiku na mchana bila mshahara. Pikipiki nyembamba bado zitajipenyeza, kwa hiyo askari wa trafiki wahitajika pia.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, kila mchoro wa barabara ya mjini upitiwe na afisa wa afya ya umma kabla ya zabuni kutangazwa, na sahihi yake iwepo kwenye mchoro. Aangalie mambo matano tu: watu wanavuka wapi, mwendo utashushwa na nini, njia ya miguu ina mita ngapi zilizo wazi, mtaro umefunikwaje na maji yanaishia wapi.

Pili, fedha za dhamana zinazoshikiliwa hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe zisiachiliwe kwa mkandarasi yeyote mpaka kipande chake chote kikaguliwe kwa miguu, wakiwepo wakazi wawili, mmoja wao akiwa mtu mwenye ulemavu. Vifaa vinavyohitajika ni tepu ya kupimia, pimamaji, na ndoo mbili za maji za kumwaga mwanzoni mwa mtaro ili ionekane yanaelekea wapi. Ukaguzi mmoja ufanyike siku ya tatu baada ya mvua kubwa.

Tatu, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21, tunaomba tupewe michoro na orodha za kazi za barabara zinazojengwa sasa katika wadi zetu, pamoja na tarehe ambayo muda wa kasoro wa kila moja unaisha. Tarehe hizo ndizo tunazozihitaji kuliko yote, kwa sababu zikipita, mtaro uliopasuka unakuwa mzigo wa umma.

Nne, vivuko vilivyoinuliwa mbele ya hospitali, masoko na shule za msingi za wadi zetu viingizwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa kufikia Septemba 1, na viwe na fungu lake katika makadirio ya bajeti yanayowasilishwa kufikia Aprili 30. Mbele ya hospitali paanze. Mitaro iliyo wazi kwenye njia za wanafunzi isingoje bajeti mpya. Fundi aliyeelezwa hapo juu anaweza kuanza kumimina slebu wiki hii kwa fedha za matengenezo.

Tano, hospitali na polisi waandike mahali hasa ajali ilipotokea, kwa jina la steji, lango au kalvati iliyo karibu, na kila miezi mitatu orodha hiyo, bila majina ya wagonjwa, ifike mezani kwa mhandisi.

Jibu la maandishi libandikwe kwenye ofisi za wadi ili aliyetoa maoni kikaoni alisome mwenyewe. Siku mtakayotaja ya kukagua kipande cha kwanza, tutafika na tepu, pimamaji na ndoo.

Wenu waaminifu,

Wahudumu wa afya ya jamii, walimu, mafundi, na waendeshaji wa bodaboda na tuktuk
Nyalenda, Manyatta, Obunga na Mamboleo, Kisumu